Mtoto Mwenye Kipaji na Deni la Watu Wazima

Filamu ya August Rush ilitoka mwaka 2007, na tangu hapo wahakiki wengi wameilaumu kwa jambo moja, kwamba inayadai machozi ya mtazamaji kwa nguvu mno. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haifiki mbali. Hapa Tabora filamu za namna hii huzunguka kwa kunakiliwa kutoka flashi hadi flashi, na siku hizi kutoka simu hadi simu. Wapo walioitazama August Rush zaidi ya mara moja na ambao bado hulia mahali pale pale, wala sioni kwa nini mtu aombe radhi kwa kulia. Ninalotaka kulichambua ni jambo jingine: ni nani katika hadithi hii anayebebeshwa mzigo, na mzigo wenyewe ni wa nani. Kwa maoni yangu, chini ya muziki wake mtamu filamu hii inasimulia habari za watu wazima waliotenda kosa kubwa, kisha wakamwachia mtoto wa miaka 11 kazi ya kulirekebisha kwa kipaji chake. Sisi wa mikoa hii ya magharibi, tunaojivunia sana watoto wetu wanaojua kuimba, tuna sababu ya kuitazama kwa makini kuliko wengine.

Tuanze na kosa lenyewe, maana filamu hulipitia haraka. Lyla Novacek, anayeigizwa na Keri Russell, ni mpiga selo, yaani fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, katika okestra. Louis Connelly, anayeigizwa na Jonathan Rhys Meyers, ni kijana wa Ayalandi anayeimba na kupiga gitaa katika bendi ya roki. Wanakutana usiku mmoja New York, juu ya paa la nyumba, kisha wanatenganishwa, kwa sababu baba yake Lyla hataki chochote kivuruge njia ya muziki aliyomchagulia bintiye. Lyla anapata mimba. Siku moja anagongwa na gari, na mtoto anazaliwa mama akiwa mahututi. Baba yake, Thomas, anaghushi saini ya binti huyo, anamtoa mjukuu wake akalelewe kituoni, halafu anamwambia mama kwamba mtoto amefariki. Mtoto huyo, Evan, anayeigizwa na Freddie Highmore, anakulia katika kituo cha wavulana huku akisikia muziki katika kila kitu kinachotikisika, na akiamini kwamba ndani ya muziki huo wazazi wake wanamwita. Anatoroka kwenda New York. Mama na baba, ambao kila mmoja kwa njia yake alikuwa ameacha jukwaa, nao wanarudi katika jiji hilo, na wote watatu wanakutanishwa na tamasha la Central Park ambapo mtoto anaongoza okestra inayopiga utungo wake mwenyewe.

Thomas anakiri alichofanya akiwa kitandani hospitalini, afya yake ikiwa imekwisha. Lyla anashtuka na kuondoka kwenda kumtafuta mwanawe, na tangu dakika hiyo hadithi haimuulizi mzee huyo neno. Saini ya kughushi, uongo wa kifo, miaka yote ile mtoto alipolala katika bweni la wageni akichekwa na wenzake kwa sababu ya kusema anawasikia wazazi wake: yote hayo yanaachwa nyuma kama kituo kidogo ambacho treni haikusimama. Mtazamaji haombwi kukasirika, anaombwa kusubiri wimbo.

Wapo wanaosema kwamba kasoro kubwa ya filamu ni sadfa zake. Inakuwaje, wanauliza, katika jiji lenye mamilioni ya watu, baba akae barazani mwa bustani na kupiga gitaa pamoja na mtoto asiyemjua, ambaye kumbe ni wake? Mimi sadfa hizo hazinisumbui. Ngano zetu zimejaa watoto waliotupwa porini wakarudi nyumbani kwa kufuata sauti ya ndege, na hakuna msikilizaji aliyewahi kumkatiza bibi kumuuliza ndege huyo alijuaje njia. Charles Dickens, ambaye riwaya yake ya Oliver Twist ilianza kuchapishwa kwa mfululizo mwaka 1837, alijenga hadithi yake juu ya sadfa zisizo na haya, na August Rush imesimama juu ya kiunzi hicho hicho: yatima anayetoroka, jiji kubwa, kundi la watoto wa mitaani na mtu mzima anayewatuma. Mkurugenzi Kirsten Sheridan hafichi kwamba anasimulia ngano. Tangu dakika za mwanzo, mtoto anaposimama katikati ya majani marefu akiyaongoza kwa mikono kama okestra, tumeshaambiwa tuko katika nchi gani.

Lakini ngano husikika tofauti kulingana na inakosimuliwa. Ukitoka Tabora kwa reli ya kati kuelekea magharibi unafika Kigoma, mkoa ambao habari ya mtoto aliyepotezana na wazazi wake si ya kubuni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea pia Warundi kwa maelfu. Katika safari za namna ile watoto hupotezana na wakubwa wao usiku, kwenye mitumbwi, au kwenye msongamano wa kuandikishwa. Kuwarudisha kwao ni kazi ya daftari na subira. Anayemhoji mtoto huandika jina lake na la wazazi, jina la kijiji kama mtoto analikumbuka, na jina la mtu aliyekuwa naye mara ya mwisho. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu husafirishwa ukiwa wazi, bila bahasha ya kufungwa, na huruhusiwa kubeba habari za kifamilia tu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, katika eneo zima la Maziwa Makuu, picha za watoto waliopotea zilibandikwa hadharani ili ndugu wapite wakizitazama, sura baada ya sura. Wapo waliopatana kwa njia hiyo, na wapo ambao picha zao hazikutambuliwa na mtu.

Sisemi hivyo ili kuidharau filamu kwa kuwa haikuonyesha kambi za wakimbizi. Haikuwa kazi yake. Nasema kwamba mtazamaji wa Kigoma anajua jambo ambalo hadithi hii inalificha, yaani kwamba mtoto aliyepotea hawezi kupewa jukumu la kujitafutia wazazi. Jukumu hilo ni la wakubwa. Katika August Rush wakubwa hawatafuti mpaka filamu iwe imeshasonga mbele sana. Lyla hana kosa, maana alidanganywa, na mara tu anapoujua ukweli anaondoka mara moja. Louis hata hajui kwamba ana mtoto. Lakini hesabu ya hadithi inabaki pale pale: anayeanza safari ni mtoto, anayelala nje ni mtoto, anayefanya kazi usiku kucha ni mtoto, na wakubwa wanafika mwishoni wakiwa wamevaa vizuri.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kipaji cha Evan kinafanya kazi ambayo hakuna kipaji kinachopaswa kuifanya. Kinawapata wazazi. Kinamrudisha mama kwenye selo na baba kwenye gitaa, kana kwamba maisha yao yote yalisimama yakimngoja yeye. Kinamsamehe babu bila babu kuomba msamaha kwa aliyemkosea, kwa sababu ukishasikia utungo ule wa mwisho unahisi kwamba mateso yote yalikuwa na maana, na pengine bila mateso hayo utungo usingekuwepo. Hilo la mwisho ndilo linalonikera zaidi. Filamu haisemi kwa maneno kwamba mtoto alitupwa ili awe msanii mkubwa, lakini muziki unapanda wakati ambapo hasira ingepanda, na mtazamaji anatoka akiwa amemsahau Thomas.

Tuone sasa jinsi mambo yalivyo huku kwetu. Mtoto akiwa kwenye kundi la Utoto Mtakatifu parokiani, au kwenye qaswida za maulidi kule Ujiji, akawa na sauti inayopita za wenzake, haipiti wiki kabla ndugu hawajaanza kuhesabu. Mjomba anatafuta studio. Jirani anarekodi kwa simu na kurusha mtandaoni. Ada ya shule ya wadogo zake inaanza kutajwa katika maneno yale yale yanayotaja sauti yake. Hakuna ubaya katika familia kufurahi, na umaskini una haki ya kutafuta mlango popote ulipo. Ila mtoto huyo, kama Evan, tayari ameshapewa deni ambalo hakulikopa. Siku sauti itakapovunjika, kama zinavyovunjika sauti za wavulana wote, hatapoteza wimbo tu. Atajiona amewaangusha watu.

Fahari ya Kigoma katika muziki inaeleweka, na mimi naishiriki ingawa ni mtu wa Tabora. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa ule, wakiwemo Diamond Platnumz na Ali Kiba, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars wakarekodi Leka Dutigite, na ulikuwa wimbo wa watu kujitazama na kujipenda. Kabla yao kulikuwa na Lake Tanganyika Jazz huko Kigoma, na hapa kwetu Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi zilizosikika redioni nchi nzima. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, alipata jina kubwa akiwa na Tabora Jazz. Lakini ukimuuliza mzee yeyote aliyekaa karibu na bendi za dansi za wakati ule, hakuelezi habari za mtoto aliyeshika gitaa kwa mara ya kwanza likaongea. Atakueleza habari za kijana aliyebeba vyombo, akakaa nyuma akitazama vidole vya mpiga solo, akapewa rithimu kwa miezi, akakosea mbele za watu, akakemewa, na baadaye sana akaachiwa solo katika wimbo mmoja.

Filamu inatuonyesha kinyume. Evan anaachwa na gitaa chumbani usiku, hajawahi kulishika, na muda si mrefu analipiga kwa namna ya ajabu, akizigonga nyuzi kwa viganja na kulifanya ubao wake kuwa ngoma. Tukio hilo ni zuri kulitazama, tena ni zuri sana kulisikiliza. Basi mtazamaji na ajue kwamba mikono tunayoiona kwa karibu ikipiga ni ya Kaki King, mpiga gitaa wa Marekani aliyekuwa mtu mzima na bingwa wa kazi yake, na kwamba sehemu ya tunachokisikia ni utungo wa Michael Hedges, bwana aliyetumia maisha yake kuuendeleza upigaji huo na kufariki mwaka 1997. Yaani filamu inayotuambia kwamba kipaji hakihitaji mwalimu ilibidi imkodishe mwalimu aje akae nyuma ya kamera. Siilaumu kwa hilo, kwani sinema ndivyo zinavyotengenezwa. Ninachosema ni kwamba miaka ya mazoezi ya Kaki King imehamishiwa kwa mtoto kwa ujanja wa mhariri wa picha, na mzazi wa Isevya hapa Tabora au Mwanga kule Kigoma anayemtazama mwanawe akihangaika na kinanda anaweza kudhani kwamba kuhangaika huko ni dalili ya kutokuwa na kipaji.

Hata Mozart, ambaye jina lake hutajwa kila panapotajwa mtoto wa ajabu, hakutoka mbinguni akiwa na karatasi mkononi. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanamuziki wa kuajiriwa Salzburg, na mwaka ule ule wa 1756 mtoto alipozaliwa, yeye alichapisha kitabu cha kufundishia fidla. Mwalimu bora wa mji alikuwa analala nyumba moja na mwanafunzi. Dada yake Mozart, Nannerl, alifundishwa pia, akasafiri naye Ulaya katika ziara ndefu iliyoanza mwaka 1763, na watu walimshangilia. Kisha alipokua, safari za kuonyesha sanaa yake zikaishia hapo, kwa kuwa ni msichana. Huyo naye alikuwa na damu ile ile. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, na huenda ni nzito kweli, lakini peke yake haikumtosha Nannerl.

Kuna sehemu moja ambapo filamu inakaribia kusema kweli kuhusu kujifunza, na inasikitisha kwamba inaipita mbio. Evan anaingia kanisani, anamkuta msichana mdogo aitwaye Hope, aliyeigizwa na Jamia Simone Nash, na msichana huyo anamwonyesha majina ya sauti kwenye piano na mistari yake kwenye karatasi. Hapo mtoto ambaye kichwa chake kimejaa sauti anapata kwa mara ya kwanza njia ya kuzitoa kichwani na kuziweka mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzisoma. Hilo ni jambo kubwa kuliko mikono yote iliyogonga gitaa. Ila somo lenyewe linachukua dakika chache tu, na Hope akirudi mtoto ameshajaza karatasi chumba kizima.

Mtu aliyewahi kuimba katika kwaya za hapa anajua somo hilo huchukua muda gani. Kwaya nyingi za Tanzania hazisomi nukuu za mistari mitano. Zinasoma solfa, ile ya do re mi inayoandikwa kwa herufi, na alama za nukta na vistari kuonyesha mapigo. Mfumo huo ulistawishwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na John Curwen, ukaenezwa Afrika na wamisionari, na ukabaki kwa sababu ya uwezo wa mfuko: herufi zinaweza kupigwa kwa taipureta ya ofisi ya parokia, kudurufiwa, au kuandikwa kwa chaki ubaoni. Mwalimu wa kwaya huandika mistari minne, sauti ya kwanza hadi ya nne. Kisha huanza na besi peke yao, mstari mmoja, mara kumi. Anarudi kwa wa sauti ya pili ambao wameuiba mstari wa sauti ya kwanza, kama kawaida yao. Kwaya inakutana jioni za katikati ya wiki, taa ikikatika watu wanaendelea kwa kukumbuka, na wimbo mmoja wa Pasaka unaweza kula Kwaresima nzima. Katika Kanisa la Moravian, ambalo makao ya jimbo lake la magharibi yako hapa Tabora, vikundi vya tarumbeta navyo hupitia njia hiyo hiyo: mtoto hupewa chombo kizito kuliko mkono wake, hupuliza kwa majuma kabla hajatoa sauti inayovumilika, na hukaa kando ya mkubwa wake akiiga pumzi.

Njia hii haina mvuto wa kamera, nakubali. Lakini ina sifa ambayo filamu yetu haina: haimtengi mtoto. Kipaji kinapotokea katika kwaya, kinatokea katikati ya watu arobaini, na mwalimu mwenye busara humpa mtoto huyo ubeti mmoja wa kuongoza kisha humrudisha kwenye mstari. Mtoto anajifunza kwamba sauti yake ni kubwa na kwamba wimbo si wake. Evan hakupewa nafasi ya kujifunza hilo. Anapokewa Juilliard, mojawapo ya shule za muziki zenye kuheshimiwa zaidi duniani, na hata huko walimu wanaonyeshwa wakistaajabu zaidi kuliko wakifundisha.

Nimesema watu wazima wamemwachia mtoto kazi. Yupo mmoja ambaye hakumwacha, naye ni mwovu wa hadithi. Wizard, anayeigizwa na marehemu Robin Williams, anawakusanya watoto wa mitaani katika jengo la ukumbi uliotelekezwa, anawapa mahali pa kulala na vyombo vya muziki, kisha anawatuma kupiga bustanini na kuchukua fedha. Ndiye anayempa Evan jina la August Rush, na ndiye anayejaribu kumzuia asitoke mikononi mwake. Wahakiki wengi walimwona kuwa amezidisha uigizaji. Mimi namwona kuwa mtu pekee mwenye uzito katika filamu nzima, kwa sababu ndani yake uhisani na unyonyaji vimesukwa pamoja hata huwezi kuvitenganisha. Anampenda mtoto yule. Anampenda kama mtu anavyopenda shamba lenye maji. Yeye mwenyewe anapiga kinanda cha mdomo na unahisi kwamba aliwahi kuwa mtoto wa kutegemewa na mtu.

Sheria yetu ingemkamata bila taabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kufanya kazi, na inakataza kazi ya kinyonyaji kwa mtoto wa umri wowote. Wizard ana watoto wa chini ya hapo, anawatuma usiku, na anakaa na mapato yao. Lakini kumkamata Wizard ni rahisi kwa sababu ana kofia, hereni na sauti ya kutisha. Tatizo ni pale Wizard anapokuwa shangazi. Mtoto anayeimba hadi usiku wa manane katika sherehe za watu, asubuhi akasinzia darasani, huku fedha zikishikwa na mtu anayempenda kwa dhati, hamwoni mtu wa kumkimbia. Filamu ingeweza kutufikisha hapo, maana Thomas naye aliyapanga maisha ya bintiye kwa ajili ya muziki kabla Wizard hajampangia mjukuu. Babu na yule mwovu wa mitaani ni watu wa aina moja. Mmoja amevaa suti. Hadithi inao ufanano huo mikononi, inauonyesha, halafu inauacha uanguke bila kuusema, na kwangu hilo ni pungufu kubwa kuliko sadfa zote.

Haki ya filamu pia isemwe. Muziki ulioandaliwa na Mark Mancina unafanya jambo gumu: unaanza na kelele za jiji, honi, breki, mpira wa kikapu ukidunda, na kuzipanga taratibu hadi sikio linakubali kwamba ni muziki. Wimbo wa Raise It Up, unaoimbwa kanisani na Jamia Simone Nash pamoja na kwaya, uliingia katika nyimbo zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na kwa maoni yangu ndipo mahali pekee ambapo muziki wa filamu hii unaimbwa na watu wengi kwa pamoja bila kumtafuta mtu. Na lile tukio la baba na mwana kupiga magitaa bustanini bila kujuana, pamoja na sadfa yake yote, ni zuri kwa sababu moja rahisi: Louis hamsifii mtoto kupita kiasi. Anamsikiliza, anajibu kwa gitaa, anamwachia nafasi, mtoto anajaza, anarudisha. Kwa dakika hizo chache mtoto hana deni kwa mtu, anacheza muziki na mkubwa anayejua muziki. Kama filamu nzima ingekuwa na utulivu wa tukio lile, makala hii ingekuwa ya namna nyingine.

Huku kwetu mkubwa wa namna ya Louis hupatikana wapi? TaSUBa, taasisi ya kufundishia sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, mwisho wa pili wa nchi, na mtoto wa darasa la nne hawezi kwenda huko. Mashindano ya UMITASHUMTA huleta kwaya na ngoma za shule za msingi mbele ya waamuzi, ila shule nyingi hufanya mazoezi wiki chache kabla ya mashindano kisha ngoma hurudishwa stoo. Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo, na hilo ni jema likipata mwalimu mwenye kujua sanaa, si yule aliyepewa kipindi kwa kuwa ratiba yake ilikuwa na nafasi. Kwa sasa anayebeba kazi hiyo ni mwalimu wa kwaya asiye na mshahara na ustadhi wa madrasa mwenye dufu mbili. Hao ndio ningependa mzazi awaulize habari za kipaji cha mwanawe kabla ya kumuuliza mwenye studio.

Ninamrudia mtu mmoja ambaye watazamaji wengi hawakumbuki jina lake. Richard Jeffries, anayeigizwa na Terrence Howard, ni afisa ustawi wa jamii. Anamhoji Evan kituoni, anampa kadi yake, anamtafuta baada ya kutoroka, na Lyla anapokuja kuuliza habari za mwanawe anaanzia kwake, kwenye faili. Ndiye mkubwa pekee katika filamu anayefanya kazi yake bila kutegemea muujiza, na kazi yake hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na madaftari ya Kasulu. Tamasha la Central Park likiisha, mambo yote yanaangukia mezani kwake. Louis atathibitishwaje kuwa baba? Kwa sheria ya hapa kwetu angeulizwa kama jina lake limo katika rejista ya vizazi, kama aliwahi kumkiri mtoto hadharani, na pengine angepelekwa kwenye kipimo cha vinasaba. Kupiga gitaa kwa mtindo unaofanana hakumo katika orodha ya ushahidi. Nani atamlea, ikiwa mama na baba waliwahi kukaa pamoja usiku mmoja tu? Saini iliyoghushiwa itafikishwa kwa nani? Mtoto aliyefanyishwa kazi usiku atapewa msaada gani, na wale wenzake waliobaki mikononi mwa Wizard, Arthur miongoni mwao, aliyemwonyesha Evan njia na kisha kunyang'anywa gitaa kwa ajili yake, wataondolewa lini mitaani? Waandishi wa filamu, Nick Castle na James V. Hart, walimpa Jeffries kadi ya kugawa na faili la kufungua, kisha maswali haya yalipofika kwake wakawa wameshafunga hadithi.